Ngoja, Atakua Tu

Katika vilima vya Boito, huko Konoin katika kaunti ya Bomet, hakuna mkulima wa chai auambiaye mche wake, "Ngoja, utajipanga mwenyewe." Mche ungali mchanga hukatwa kilele, au matawi yake huinamishwa na kushikizwa chini kwa vijiti, ili utanuke na kuwa meza ya kuchumia. Kazi hiyo hufanywa tawi lingali kijani. Likiisha kuwa ukuni, alikunjaye hulivunja. Lakini mkulima huyo huyo, akionyeshwa mtoto wa miezi kumi asiyeweza kuketi, hujibu kwa utulivu wa ajabu: "Ngoja, atakua tu." Neno hilo, msomaji, ndilo nitakalolipinga hapa, kwa kuwa ni neno la upole lenye madhara ya ukatili.

Twafundishwa shuleni kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, nasi huiandika methali hiyo katika insha zetu juu ya adabu na viboko. Ni nani aliyepata kuitumia kwa kiganja cha mtoto kisichofunguka, au kwa shingo isiyosimama?

Yako maarifa yaitwayo tiba ya kazi. Jina lake huwapoteza wengi, maana huuliza: mtoto mchanga ana kazi gani? Anayo. Kazi yake ni kuketi, kushika, kula na kucheza, na baadaye kuvaa nguo na kuandika. Chama cha kwanza cha wataalamu wake kiliundwa Marekani mwaka 1917, wakati wa vita, na tiba hiyo ikapata sifa kwa kuwasaidia askari majeruhi. Mtaalamu wake hategemei chupa za dawa. Hutazama mtoto awezalo na asiloweza, kisha humfundisha mama namna ya kumbeba ili miguu isikazane, namna ya kumlisha akiwa wima asipaliwe, na namna ya kuuzoeza mkono mlegevu kushika kikombe. Vifaa vyaweza kuwa vya nyumbani: kitambaa, gunzi la mahindi, kiti kilichoumbwa kwa makaratasi magumu na gundi ya unga.

Watetezi wa kungoja husema kwamba watoto hawalingani. Ni kweli, na wapimaji walilijua hilo. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatangaza kwamba karibu watoto wote wenye afya huketi bila kuegemezwa kabla ya kupita miezi 9.2, na hutembea peke yao kabla ya kupita miezi 17.6. Basi aliyechelewa kwa heri hapotezi kitu akichunguzwa; aliyechelewa kwa maradhi hupoteza miezi ambayo ubongo wake ulikuwa mwepesi wa kujifunza. Mwaka 2017 wataalamu walionyesha kwamba mtindio wa ubongo waweza kutambuliwa hata kabla ya miezi sita. Tiba haiuondoi, asemaye kwamba huondoka ni mwongo, hasa akiwa na chupa ya kuuza mkononi. Lakini baina ya mtu ajilishaye na mtu alishwaye mpaka uzeeni pana tofauti ya maisha mazima, yake na ya mama yake.

Na mama huyo ndiye alaumiwaye. Huambiwa kwamba amelaaniwa, au kwamba alikosa adabu wakati wa mimba. Basi humficha mtoto ndani, akaenda kuchuma chai, kwa kuwa malipo yake hupimwa kwa kilo. Mimi simlaumu. Nawalaumu wenye ofisi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, humpa kila mtoto haki ya huduma za afya, na tangu mwaka 2013 huduma hizo zimo mikononi mwa kaunti. Hospitali ya rufani ya kaunti iko Longisa. Kumtaka mchuma chai wa Boito ampeleke mtoto huko mara kwa mara, kama tiba hii ihitajivyo, ni kumnyima kwa adabu.

Wala wasiseme kwamba watoto hawaonekani. Kila mtoto wa Kenya hutakiwa kuletwa kliniki kuchanjwa surua akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Itazame hesabu hiyo, kisha uitazame ile ya kuketi na kutembea! Siku ile ile ipasayo mtoto kuchunguzwa, tayari yumo mikononi mwa muuguzi, na kijitabu cha mama na mtoto kina mahali pa hatua za ukuaji. Kilichobaki ni mtaalamu mmoja wa kuja siku za kliniki.

Wewe uliye katika kidato cha pili, uachiwaye mdogo wako mama akienda kuchuma, kifungue kijitabu hicho. Ukiona miezi tisa imepita naye haketi, mwambie mama siku hiyo hiyo. Na kliniki wakisema ngoja, waulize kwa heshima kungoja huko ni mpaka lini, nawe uiandike tarehe watakayoitaja.