Mnyama wa Kofiani

Tarehe 21 Machi 1801, nje ya mji wa Iskandaria, wapanda farasi wa Ufaransa waliwatokea kwa nyuma askari wa Regimenti ya 28 ya Uingereza, huku mbele yao vita vikiendelea kuwaka. Safu ya nyuma ikaamriwa nyuma geuka. Wakapigana wakiwa wamepeana migongo, wala hawakuvunjika. Ndiyo maana warithi wao, Regimenti ya Gloucestershire, walivaa beji mbili kofiani: moja mbele, nyingine ndogo kisogoni. Katika alama zote za kijeshi ninazozifahamu, hii naiheshimu kuliko zote, kwa kuwa inakumbuka kitendo cha askari wa kawaida, si ukoo wa mfalme wala cheo cha jenerali.

Lakini tazama kilichomo ndani ya beji hiyo: sfinksi, yule simba wa mawe mwenye kichwa cha mtu, urithi wa Wamisri. Hapo ndipo toleo hili linapotaka kutua. Regimenti ya Leicestershire ilivaa chui-milia kwa ajili ya miaka yake India. Ile ya Royal Berkshire ikavaa joka la China kwa sababu ya Vita vya Kasumba. Nchi nzima, pamoja na watu wake waliozikwa, ikageuka pambo la chuma juu ya paji la uso la mgeni. Nashikilia kwamba beji ya namna hii isomwe mara mbili: kwanza kwa ushujaa wa aliyeivaa, kisha kwa niaba ya wale ambao ardhi yao ndiyo iliyochorwa. Aghalabu tunaishia usomaji wa kwanza.

Kwa askari wetu mambo yalikuwa kinyume. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Burma mwaka 1944, alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru. Askari wa King's African Rifles (KAR) walimbeba mnyama huyo katika Bonde la Kabaw, kwenye matope na malaria, hadi Kalewa, kando ya Mto Chindwin, mwezi Desemba. Hakuwa kumbukumbu ya nchi waliyoiteka, aliashiria walikotoka. Hata hivyo, dola waliyoipigania ndiyo iliyotawala mbuga alimoishi kifaru mwenyewe. Kwa hiyo naye asomwe mara mbili.

Msomaji, kama kwenu imebaki beji ya babu, andika jina lake, kikosi chake na mahali alipopigana, kisha utuletee. Kurasa za toleo lijalo tumewawekea wazee hao.