Tamko Kuhusu Barua za Vitisho kwa Wanaoshirikishana Nyimbo Mtandaoni

Sisi, wanachama wa chama cha familia na wanafunzi wazungumzaji wa Kiswahili wa Minneapolis na St. Paul, tunatoa tamko hili kufuatia hukumu ya Duluth, katika jimbo letu la Minnesota, ya tarehe 4 Oktoba 2007. Siku hiyo jopo la raia liliamua kwamba mama mmoja azilipe kampuni za kurekodi muziki dola 222,000 kwa nyimbo 24 zilizokutwa zikigawiwa kwa programu ya Kazaa. Ni dola 9,250 kwa kila wimbo. Dukani iTunes, wakati huo wimbo mmoja ulikuwa senti 99.

Tueleweke mapema: hatumtetei mtu anayekula jasho la msanii. Miongoni mwetu wamo wanaopiga gitaa na kinanda kwenye harusi zetu baada ya wiki nzima ya kazi kiwandani, na wamo waliorekodi Nairobi na Dar es Salaam wakaona kaseti zao zikinakiliwa na kuuzwa barabarani bila wao kuambulia hata ndururu. Uchungu huo tunao. Lakini kinachofanyika sasa dhidi ya wasikilizaji hakiuponyi.

Mwanachama wetu mmoja, mama anayehudumia wazee zamu ya usiku, alipokea bahasha akadhani ni bili. Akaibandika kwenye mlango wa friji pamoja na bili ya umeme. Siku ya nane mwanawe wa miaka 16 aliifungua, akaisoma akiwa amesimama, kisha akakaa chini. Ndani mlikuwa na barua ya kampuni za muziki yenye jina la mama, maana intaneti analipia yeye. Tarehe na saa, saa tisa usiku, wakati mama yuko kazini anamgeuza mgonjwa kitandani na kijana amelala, kompyuta imeachwa inawaka. Na idadi ya nyimbo. Akilipa ndani ya siku 20 atapunguziwa, barua ilisema, na kadi ya benki inapokelewa kwenye tovuti. Mwaka 2007 malipo ya barua za namna hii kwa kawaida yalikaribia dola 3,000. Kwa mama huyu ni mshahara wa karibu miezi miwili. Kijana alijua kwamba anachukua nyimbo. Hakujua kwamba programu yenyewe huiacha wazi folda ya anachochukua, na dunia nzima ikachota humo.

Wapelelezi wa kampuni huingia kwenye mitandao ya kushirikishana nyimbo kama mtumiaji yeyote, wakatazama folda zilizo wazi na kuandika namba ya anwani ya intaneti. Namba haina uso. Ili wapate jina, hufungua kesi dhidi ya mtu asiyejulikana na kuiomba mahakama iiamuru kampuni ya intaneti imtaje mteja. Anayetajwa ni mwenye akaunti. Aliyeshika kibodi anaweza kuwa mtoto, mpangaji, au mgeni aliyetoka nyumbani na anayelala sebuleni mpaka apate kazi, na nyumba zetu hazikosi mgeni. Mwaka 2003, kampuni ziliposhtaki watu 261 kwa mpigo, mmoja wa waliokumbwa alikuwa msichana wa miaka 12 wa New York. Familia ikalipa dola 2,000. Mwaka 2005 alishtakiwa bibi wa miaka 83 wa West Virginia ambaye alikwisha fariki dunia.

Sheria ya hakimiliki ya Marekani inaruhusu fidia ya kuanzia dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi, na mpaka 150,000 ikiwa kosa ni la makusudi, bila kampuni kuthibitisha kwamba imepata hasara yoyote. Kwa nyimbo 24, kiwango cha chini kabisa ni dola 18,000. Nani ataingia mahakamani na hesabu hiyo mbele yake, wakati wakili peke yake atagharimu zaidi ya zile dola 3,000 za barua? Hata asiye na kosa hulipa ili alale usingizi. Na huko Duluth jopo liliambiwa kwamba kuuacha wimbo mahali unapoweza kuchukuliwa kunatosha kuwa usambazaji, hata kama hakuna ushahidi kwamba kuna mtu aliyeuchukua. Tunaikataa tafsiri hiyo.

Ipo njia nyingine ya kuwalipa wasanii, na ni ya zamani. Ujerumani, enzi za vinasa sauti vya kanda, chama cha watunzi, GEMA, kilitaka wauzaji wa mashine hizo waandike jina la kila mnunuzi, ili kiwapate wanaonakili nyimbo nyumbani. Mwaka 1964 mahakama kuu ya huko ilikataa, ikisema nyumba ya mtu isichunguzwe. Mwaka uliofuata sheria mpya iliweka tozo kwenye mashine zenyewe, fedha ziende kwa watunzi. Marekani nayo iliweka tozo ya namna hiyo mwaka 1992 kwa vinasa sauti vya kidijitali, ila kompyuta ikaachwa nje.

Kwa hiyo tunazitaka kampuni ziache kutuma madai yenye saa ya kuhesabu kwa watu ambao hazina hakika nao, na zitangaze hadharani ni kiasi gani cha fedha zilizokusanywa tangu 2003 kimewafikia wanamuziki. Tunawataka wabunge wetu waondoe kile kima cha chini cha dola 750 kwa mtu asiyefanya biashara, na waandae leseni ya pamoja: msikilizaji alipe kidogo kila mwezi kama redio zinavyolipa, wasanii wagawiwe kulingana na nyimbo zinazosikilizwa. Vyuo navyo visipeleke barua hizi kwa wanafunzi bila kuwapa mtu wa kuwashauri. Mwanafunzi mwenye viza haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na hofu ya kufukuzwa nchini humfanya asaini chochote.

Kwa wanachama: barua ikija, usiitupe. Mtu asiyejibu kesi huhukumiwa bila kusikilizwa. Usifute kitu kwenye kompyuta kwa woga, maana kufuta kunaweza kuhesabiwa kuficha ushahidi. Usilipe wala usipige simu kabla ya kuongea na wakili. Iletee kamati ikiwa na bahasha yake, kwa sababu muhuri wa posta utaonyesha siku zako zilianza kuhesabiwa lini.

Limetolewa na kamati ya utendaji, Minneapolis, Novemba 2007.