Uraibu si upotevu wa wakati

Neno uraibu limepatwa na mkosi. Katika insha za wanafunzi wetu lina maana njema: jambo alipendalo mtu na kulifanya wakati wa mapumziko, kama vile kusoma au kucheza kandanda. Katika habari za afya, neno lilo hilo hutajwa pamoja na pombe na bangi. Sidai kwamba maana moja imeiharibu nyingine. Hata hivyo, maana hizo mbili zimekutana mahali pabaya, kwani nasi tumezoea kumshuku mtu yeyote afanyaye jambo lisilomletea mshahara wala alama za mtihani.

Mwalimu wa Bungoma awapelekapo wanafunzi wake kuzuru Makumbusho ya Kitale, aghalabu huwaonyesha nyoka na ndege, kisha huwapandisha basi wakarejea. Ni nadra kuwaeleza kwamba makumbusho hayo ni tunda la uraibu. Hugh Stoneham, mwanajeshi aliyefikia cheo cha luteni kanali, hakuajiriwa na yeyote kuchunguza viumbe. Alipenda tu. Tangu utotoni alikusanya wadudu, wanyama wengine na vitabu, na mwaka 1926 akaanzisha makumbusho yake ya binafsi. Alipofariki mwaka 1966, aliiachia nchi ya Kenya mkusanyiko huo pamoja na fedha za kujengea jumba jipya. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1974, likawa makumbusho ya kwanza ya taifa katika maeneo ya bara nje ya Nairobi.

Najua nitakavyojibiwa. Stoneham alikuwa mlowezi katika nchi ambayo ardhi yake bora ilikuwa imetengewa Wazungu. Alikuwa na nafasi ambayo mwalimu mwenye wanafunzi sitini darasani, mkopo wa chama cha akiba na shamba la mahindi linalongoja palizi hana. Hoja hiyo ni ya haki, wala siipingi. Lakini tunachopaswa kumwiga si shamba wala wasaa. Ni utaratibu. Mdudu aliyehifadhiwa bila ya kuandikiwa mahali na tarehe aliponaswa ni pambo tu. Akishaandikiwa, amekuwa elimu. Daftari na kalamu havihitaji hatimiliki ya ardhi.

Wala hatulazimiki kumtazama mlowezi peke yake. Ken Walibora alizaliwa Bungoma, akakulia Trans Nzoia. Watu wengi walimfahamu kwa sauti na sura, kwa kuwa alisoma habari katika redio na runinga. Aliwahi pia kuwa mwalimu. Kumbe kando ya kazi hizo alikuwa akiandika. Riwaya yake Siku Njema, iliyotoka mwaka 1996, inamtoa kijana Tanga na kumfikisha Kitale akimtafuta baba yake. Riwaya hiyo ilisomwa na vizazi vya wanafunzi wa shule za upili. Alipofariki mwezi wa Aprili mwaka 2020, alikuwa ameshapata shahada ya uzamifu na kufundisha katika chuo kikuu nchini Marekani. Lililokuwa kando ndilo lililobaki.

Hapa ndipo shule zetu zinapostahili kulaumiwa. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, uliahidi sanaa, ufundi na kazi za mikono. Muda si muda somo lisilotahiniwa likawa somo lisilofundishwa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unavitaja vipaji kwa kishindo zaidi. Lakini nani asiyemjua mzazi akeshaye usiku akigundisha maboksi ili mtoto apeleke "mradi" asubuhi? Jambo lililoagizwa, likasahihishwa na kupewa alama, si uraibu tena. Ni kazi ya ziada iliyovikwa joho.

Rai yangu ni nyepesi. Kila mwalimu na awe na jambo moja asilolipwa kulifanya, na wanafunzi wamwone akilifanya. Wa Kimilili anaweza kuandika majina ya miti kwa Kibukusu, na wa Kapsokwony kwa Kisabaoti, akitaja nani alimwambia, wapi na lini. Kazi hiyo ni ya haraka, kwa maana wazee wayajuao majina hayo hawatatungoja. Mwingine anaweza kupima mvua kila asubuhi kwa mkebe na rula. Mwingine ajifunze kupiga litungu, akosee mbele ya darasa, na aanze upya.

Huko kukosea kuna faida kubwa kuliko ustadi wenyewe. Mwanafunzi humjua mwalimu kama mtu ajuaye. Mara ngapi amemwona akijifunza? Atakapomwona mtu mzima akibabaika, akiuliza na kurudia bila ya kuaibika, atafahamu kwamba elimu haikomi siku ya matokeo, na kwamba kutojua si fedheha.

Baina ya makumbusho ya Stoneham ya mwaka 1926 na jumba la mwaka 1974 ipo miaka arobaini na minane. Mwenyewe hakuliona jumba hilo. Hatuna budi kuanza bila ya kuahidiwa kwamba tutaona mwisho. Daftari la miti ya Kimilili lianze wiki hii, na ukurasa wake wa kwanza uwe na tarehe.