Sayari Tano kwa Miezi Sita: Mchezo wa Mtu Mmoja Katika Matibabu Marefu

Mgonjwa wa kifua kikuu anayerudi nyumbani Mpepai, wilayani Mbinga, akiwa na vidonge vyake mkononi, huwa amekwisha kuelezwa mambo mengi. Ameambiwa idadi ya vidonge, saa ya kumeza na tarehe ya kurudi kupima makohozi. Ameambiwa pia kwamba mkojo ukigeuka rangi ya chungwa asishtuke, kwa kuwa hiyo ni kazi ya rifampisini. Jambo moja aghalabu haelezwi: azifanyie nini saa zote zinazobaki katika siku. Kwa mkulima aliyezoea kutoka alfajiri kwenda kwenye mibuni, na ambaye sasa hawezi kushika jembe hata kwa robo saa, hilo si swali dogo.

Michezo ya kupitisha muda ipo kijijini. Pana bao, na pana drafti inayochezwa kwa vizibo vya soda. Lakini bao na drafti huhitaji watu wawili wanaokaa ana kwa ana, na mgonjwa huyu ameshauriwa kujiepusha na mikusanyiko ya ndani katika majuma ya mwanzo. Baadaye, dawa zikiwa zimekwisha kupunguza sana uwezekano wa kuambukiza, huenda majirani wakaendelea kumkwepa kwa sababu ya hofu tu. Ugonjwa ulimwondolea jembe; unyanyapaa unamwondolea mwenzake wa kucheza naye.

Katika pengo hilo ndimo inamostahili kufikiriwa aina ya mchezo ambayo bado ni ngeni kwa wengi wa Afrika Mashariki: mchezo wa ubao unaochezwa na mtu mmoja, ukisimulia safari ndefu ya kubuniwa ya kuchunguza sayari za mbali. Wahudumu wa afya watakaoupuuza kwa kuuona ni anasa ya watu wa ughaibuni watakuwa wameacha chombo rahisi cha kumsaidia mgonjwa kuibeba miezi yake 6.

Mchezo wa namna hiyo si uzushi wa jana. Mwaka 1981 ulichapishwa Marekani mchezo uitwao The Voyage of the B.S.M. Pandora, kazi ya mbunifu John Butterfield. Ndani yake mchezaji mmoja huongoza chombo cha kuchunguza viumbe, hutua katika sayari ngeni, na kila afikapo mahali husoma aya yenye namba inayomweleza alichokikuta. Miaka mingi baadaye, kampuni ya Awaken Realms ya Poland ilitoa ISS Vanguard, mchezo wa mtu 1 hadi 4. Huo hauishi kwa kikao kimoja. Mchezaji huongoza wanaanga wa idara 4, yaani usalama, upelelezi, sayansi na uhandisi. Huwatuma sayarini, kisha huwarejesha chomboni kupumzika na kujiandaa kwa safari ifuatayo. Yaliyotokea leo huandikwa, na kesho huanzia pale leo ilipokomea.

Hakuna anayetarajiwa kuagiza sanduku la aina hiyo hadi Mbinga. Bei yake ni kubwa, uzito wake ni mkubwa, na maandishi yake ni ya Kiingereza. Kinachofaa kuchukuliwa ni muundo wake, nao una mambo matatu yanayolingana na hali ya mgonjwa wa muda mrefu.

La kwanza ni kwamba mchezo huo una kesho. Karata na drafti humalizika, na mshindi hujulikana kabla ya jua kuzama. Safari ya mfululizo humwacha mchezaji na jambo ambalo halijakwisha, na mtu mwenye jambo ambalo halijakwisha ana sababu ya kuisubiri asubuhi. La pili ni kwamba mchezo huo hudai kumbukumbu. Asiyeandika akiba iliyobaki na mahali alipofika hawezi kuendelea. La tatu ni kwamba humfundisha mchezaji kupima nguvu. Kiongozi anayewalazimisha wanaanga waliochoka kusonga mbele huwapoteza. Anayejua kurudi mapema huwaokoa.

Mambo hayo matatu ndiyo ambayo tiba ya kifua kikuu humtaka mgonjwa ayatimize. Tiba ya kawaida huanza na miezi 2 ya dawa 4, ambazo ni rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Hufuata miezi 4 ya rifampisini na isoniazidi. Hatari kubwa huja pale kikohozi kinapokoma, uzito unaporudi, na mibuni inapoiva. Mgonjwa hujiona amepona, na shamba linamwita. Akiacha dawa wakati huo, vijidudu vilivyosalia mwilini hupata nafasi ya kuzaliana upya, na baadhi huweza kuwa sugu kwa dawa zilezile. Pale ndipo maisha yake, na ya watu wa nyumba yake, yanapowekwa rehani.

Tanzania ina historia ya kujivunia katika jambo hili. Mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na daktari Karel Styblo alishirikiana na Watanzania kuujenga. Mafunzo yaliyopatikana nchini yaliingia katika mkakati ambao Shirika la Afya Duniani lilikuja kuueneza duniani katika miaka ya 1990. Kiini cha mafunzo hayo hakikuwa dawa mpya. Kilikuwa upatikanaji wa dawa bila kukatika, uandishi mzuri wa kumbukumbu, na kumfuatilia kila mgonjwa hadi mwisho. Kwa maneno mengine, utaratibu wa siku ni sehemu ya tiba. Ikiwa hivyo ndivyo, basi kinachompa mgonjwa utaratibu wa siku hakistahili kuitwa upuuzi.

Utengenezaji wa mchezo huo hauhitaji duka. Wamatengo wana mfano wake milimani. Katika kilimo cha ngolo, nyasi zilizofyekwa hupangwa kwa mistari inayokatana, udongo huchimbwa katikati na kuzifunika, na mteremko mzima hugeuka safu za mashimo yaliyozungukwa na matuta. Maharage na mahindi huota juu ya matuta, na mashimo huzuia maji ya mvua yasiporomoshe udongo. Anayeutazama mteremko huo kutoka ng'ambo ya bonde huona ubao wa mchezo uliokwisha kuchorwa.

Basi na ichorwe sayari kwenye karatasi kwa mfano wa shamba hilo: safu 6 za viwanja 6, jumla viwanja 36. Kila kiwanja kipewe namba, na kila namba iwe na aya yake fupi katika daftari: hapa pana bonde la barafu, hapa pana mmea unaotoa mwanga, hapa pana chombo cha kale kilichoachwa na wasafiri wasiojulikana. Punje za maharage ziwe akiba ya hewa na chakula. Vikaratasi 6 vyenye namba 1 hadi 6 ndani ya kopo vitoe bahati ya siku. Kila siku kifunguliwe kiwanja kimoja tu, baada ya dawa kumezwa. Kwa mwendo huo sayari moja huchukua siku 36, na sayari 5 huchukua siku 180, ambazo ni takriban miezi 6 ya tiba.

Kanuni mbili zisivunjwe. Ya kwanza: akiba ikiisha, safari isife. Wanaanga warudi chomboni, wapumzike, na kesho waanze na akiba ndogo zaidi. Mgonjwa asiachwe na siku tupu kwa sababu kikaratasi kilitoka vibaya. Ya pili: bahati ya mchezo isiguse dawa kamwe. Vidonge humezwa kwanza, iwe jana wanaanga walishinda au walishindwa.

Mchezo kama huu unaweza pia kumkumbusha mgonjwa kuyasikiliza mabadiliko ya mwili wake. Ethambutoli, kwa wachache, hudhuru mshipa wa fahamu wa jicho, na mojawapo ya dalili za mwanzo ni kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani. Isoniazidi huweza kuleta ganzi na hisia ya kuchomwachomwa katika vidole vya mikono na miguu. Anayepaka viwanja vyake rangi kila jioni, na kuokota punje moja moja, yuko mahali pazuri pa kugundua mabadiliko hayo. Mchezo si kipimo na hauchukui nafasi ya uchunguzi. Hata hivyo, mgonjwa aliyeambiwa mapema kwamba dalili hizo zinamtaka arudi kituoni mara moja atakuwa na nafasi nyingine ya kuziona kabla madhara hayajawa makubwa.

Familia nayo ielezwe jambo moja linaloondoa hofu nyingi. Kifua kikuu cha mapafu huenea kwa hewa, mgonjwa anapokohoa, anapopiga chafya au anapozungumza. Hakienei kwa kushika punje, karatasi au daftari. Mtoto anayelishika daftari la baba yake haambukizwi nalo. Lililo muhimu ni madirisha wazi, kuziba mdomo wakati wa kukohoa, na watu wa nyumba hiyo kupimwa.

Zipo hoja za kupinga, na baadhi zina uzito. Wapo watakaosema mtu mzima anayecheza peke yake na punje za maharage amerukwa na akili. Hao wataelewa wakiona kuwa anafanya hivyo kwa saa maalumu, kwa kuandika, na kwa sababu aliyoieleza mwenyewe. Wapo watakaoona vikaratasi vinavyotoka koponi na viwanja vyenye namba wakafikiri ni ramli, maana katika Kiswahili kupiga bao ni pia kuagua. Wengine watafikiri ni kamari, na hiyo ndiyo sababu ya kuchagua vikaratasi badala ya dadu. Shaka hizo zisidharauliwe. Mhudumu azitaje yeye mwenyewe kabla hazijaanza kunong'onwa, na aeleze waziwazi kwamba kiwanja kibaya katika sayari ya kubuni hakitabiri lolote kuhusu mapafu ya mtu.

Hoja nzito kuliko zote ni ya upweke. Yawezekana kumpa mgonjwa mchezo wa mtu mmoja kukawa njia ya adabu ya kumsahau. Jamaa wakamwona ametulia na daftari lake, wakajiridhisha, wakaacha kumtembelea. Hatari hiyo ni ya kweli. Pia mgonjwa asiyelala, asiyetaka kula, anayelia au anayesema hana sababu ya kuishi hahitaji sayari za karatasi. Anahitaji msaada wa kitabibu bila kuchelewa. Hakuna mchezo unaotibu sonona, kama vile hakuna mchezo unaoua vijidudu vya kifua kikuu.

Lakini mchezo wa mtu mmoja haufanywi na mtu mmoja. Aya 180 za daftari hilo lazima ziandikwe na mtu mwingine, kwa sababu anayeandika mwenyewe hana cha kugundua. Kazi hiyo inamfaa mpwa aliye sekondari, binti anayependa masomo ya sayansi, au jirani mwenye mwandiko mzuri. Waandishi hao watalazimika kuja jumapili kwa jumapili kuleta sayari mpya na kusikia ile ya zamani iliishaje. Hata mtu aliyekuwa anaogopa kumtembelea mgonjwa hupata kisa cha kubisha hodi. Ndivyo ilivyo kwa dawa pia: kila mgonjwa humeza kidonge chake kwa koo lake mwenyewe, lakini nyuma yake yupo msimamizi aliyemchagua, muuguzi aliyeandika kadi, na gari lililofikisha dawa kituoni kwa wakati.

Vituo vya afya havidaiwi fedha mpya kwa jambo hili. Vinadaiwa swali moja zaidi. Wasemavyo wahenga, mgonjwa haulizwi uji, hupewa tu. Uji apewe bila kuulizwa, lakini kuhusu siku yake aulizwe. Swali lenyewe tayari limo katika salamu za kila jioni: umeshindaje? Muuguzi aliulize akiwa na kalamu mkononi na asubiri jibu. Mmoja atajibu kwamba anashona, mwingine kwamba anasoma Biblia, na hao waachwe na walichonacho. Atakayejibu kwamba hana la kufanya, kwamba anahesabu tu mabati hadi giza liingie, huyo ndiye aliye karibu kuacha dawa na kurudi shambani kabla ya wakati. Huyo ndiye wa kupewa daftari, karatasi ya viwanja 36 na kiganja cha maharage.