Spamu: Anayetuma Ndiye Anafaa Kusota, Si Wewe

Fungua imeili yako saa hii. Kuna job ya Kanada hukuomba, pesa za bahati nasibu hukucheza, na duka ulinunua viatu mara moja linakuita "rafiki" kila Ijumaa. Halafu ile barua ya interview umengoja wiki mbili imelala kwa folda ya spamu. Hapo ndio ngori iko. Taka kuingia ni kero tu, lakini chujio likitupa ya maana umekosa unga.

Mwaka wa 2004, Bill Gates alisema kule Davos kwamba spamu ingekuwa imemalizwa kwa miaka miwili. Miaka miwili, buda! Tatizo ni kwamba kutuma imeili milioni moja ni karibu bure, na conman akinasa mtu mmoja tu amerudisha gharama. Ukikaza chujio, anabadilisha maneno.

Idea iliyo na akili ni kumbebesha mtumaji mzigo. Adam Back alileta Hashcash mwaka wa 1997: kabla imeili itoke, kompyuta ifanye hesabu kidogo. Imeili moja husikii kitu. Ukituma milioni, mashine inapiga magoti. Haikushika sana kwa imeili, lakini ujanja huo ndio Bitcoin inatumia.

Tangu Februari 2024, wanaotuma imeili zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail lazima wathibitishe ni wao kweli, matangazo yawe na kitufe cha kujitoa mara moja, na malalamiko yasifike asilimia 0.3. Kwa hivyo usifute tu. Bonyeza "ripoti spamu", hiyo inawauma.

Na ujue nani anakuuza. Ukijisajili dukani na Gmail, ongeza +viatu baada ya jina lako, kabla ya @. Barua zitafika tu. Siku matangazo ya kamari yatakuja kwa hiyo anwani ya viatu, umeshika mwizi.

Hapa Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini yako kabla mtu atumie data yako kibiashara. Ofisi ya Kamishna wa Data inapokea malalamishi, na si ya urembo: 2023 ilipiga kilabu moja ya Nairobi faini ya Sh1.85 milioni juu ya kuposti picha ya mteja bila ruhusa. Anwani yako pia ni data. Piga screenshot, uwapelekee.