Olimpiki si mali ya kukopea mwenye kibanda wa Mpanda

Kila Michezo ya Olimpiki inapokaribia hutokea mfanyabiashara anayepiga hesabu ya kibanda umiza. Kwenye karatasi hesabu huwa tamu: televisheni kubwa, dishi, king'amuzi, jenereta ya akiba, mabenchi, halafu kiingilio cha watu mia kila siku kwa siku 17. Michezo ya Los Angeles imepangwa kufanyika Julai 14 hadi 30, mwaka 2028, na kwa mkoa wa Katavi msimu huo unavutia kweli. Mahindi na mpunga vimeshavunwa, masoko ya tumbaku yapo kazini, na pesa inazunguka Mpanda mjini kuliko wakati wa masika. Safu hii haimkatazi mtu kufanya biashara. Inamshauri asichukue mkopo kwa ajili ya Olimpiki kabla hajaangalia mambo mawili: saa na haki za kuonyesha.

Tuanze na historia, maana bei ya leo imetoka huko. Olimpiki ilionekana kwenye televisheni mara ya kwanza Berlin mwaka 1936, na mwaka 1964 picha za Tokyo zikavushwa bahari kwa satelaiti. Roma mwaka 1960, kampuni ya CBS ya Marekani ililipa dola 394,000 tu kupata haki za kuonyesha. Miaka 24 baadaye, Los Angeles hiyo hiyo, ABC ililipa dola milioni 225. Mwaka 2014 NBC ilisaini mkataba wa dola bilioni 7.65 unaofika hadi mwaka 2032. Katika mapato ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, haki za matangazo ndizo fungu kubwa kuliko yote, zaidi ya nusu.

Anayelipa namna hiyo hapangiwi saa, yeye ndiye hupanga. Beijing mwaka 2008 fainali za kuogelea ziliogelewa asubuhi, ili Mmarekani azione jioni akiwa sebuleni kwake. Sisi wa Afrika Mashariki hatukuwamo katika hesabu hiyo. Hakuna sababu ya kuona uchungu. Ndivyo soko huria linavyokwenda. Lakini mwenye kibanda lazima ajue kwamba bidhaa anayotaka kuiuza imefungashwa kwa ajili ya mteja mwingine.

Huku kwetu televisheni ilichelewa. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, Februari 2, 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.16, Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar ilikuwa imekwisha kutangulia mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena kwa picha za rangi. Mwaka 1976 tulisusia Montreal pamoja na nchi nyingine za Afrika, na lile pambano la Bayi na John Walker wa New Zealand ambalo dunia nzima ililisubiri halikufanyika. Moscow mwaka 1980 Bayi alichukua fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui naye akachukua fedha katika mita 5,000. Hadi Paris mwaka 2024 hizo zilikuwa bado ndizo medali pekee za Tanzania katika Olimpiki, na Bara ilizipata kwa redio na magazeti. Kwa msomaji wa Mpanda gazeti la Dar es Salaam halikuwa la siku hiyo.

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango. ITV, DTV na CTN zikaingia hewani mwaka 1994, na televisheni ya taifa ikafuata mwishoni mwa muongo huo. Kwa hiyo Atlanta mwaka 1996 ndiyo Olimpiki ya kwanza ya majira ya joto iliyowakuta Watanzania wa Bara wakiwa na vituo vyao. Na saa? Mbio zinazoanza saa mbili usiku Atlanta, hapa ni saa tisa usiku. Mpanda ya wakati huo, na kwa miaka mingi baadaye, ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea umeme wa jenereta za mafuta. Mteja wa saa tisa usiku, kwa dizeli, hamlipi mtu faida.

Sasa tazameni Los Angeles kwa saa za Mpanda. Tofauti ni saa kumi. Fainali ya saa moja jioni kwao ni saa kumi na moja alfajiri kwetu, wakati mkulima anatafuta jembe na mwenye duka anatafuta funguo. Ulinganishe na Paris mwaka 2024, ambapo tofauti ilikuwa saa moja tu: fainali ya saa mbili usiku ilionekana hapa saa tatu usiku, watu wamekula na wana nafasi. Paris ilikuwa na saa za biashara. Los Angeles haina, isipokuwa kwa michezo ya asubuhi yao, ambayo inatuangukia sisi jioni. Mechi ya saa nne asubuhi kule ni saa mbili usiku hapa. Lakini asubuhi mara nyingi ni raundi za mchujo, na kiingilio cha mchujo si kiingilio cha fainali.

Jambo la pili ni haki. Kifurushi cha nyumbani hakikupi ruhusa ya kutoza watu kiingilio, na mkataba wa king'amuzi husema hivyo ingawa wengi hawausomi. Tena chaneli unayoitegemea inaweza kuondoka. Mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza ving'amuzi vya malipo vya satelaiti, vikiwamo vya DStv, Azam na Zuku, viondoe chaneli za ndani za kutazamwa bure, kwa kuwa leseni zao hazikuruhusu kuzibeba. Zuio hilo lililegezwa baadaye, lakini mwenye dishi upcountry aliyenunua king'amuzi kwa ajili ya ITV alikwisha kuona joto la jiwe. Mwenye kibanda aulize mapema, kwa maandishi, ni chaneli ipi itaonyesha Michezo na kwa kifurushi kipi.

Wazee wa Mpanda wana mfano wao. Tawi la reli kutoka Kaliua lilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ulipofungwa, reli ililazimika kuishi kwa abiria na mazao. Kibanda kinachojengwa kwa mzigo wa siku 17 kinaweza kupata shida hiyo hiyo, isipokuwa mkopo wa mfanyabiashara hausubiri mzigo mwingine upatikane.

Tunavyoona sisi, kibanda kisimame kwa mpira wa miguu, Ligi Kuu na ligi za Ulaya, ambazo zinarudi kila wiki. Olimpiki iwe nyongeza, na katika nyongeza hiyo marathoni ndiyo bidhaa yenye mnunuzi wa Kitanzania. Rio mwaka 2016 Alphonce Simbu alimaliza wa tano katika mbio zilizoanza Jumapili saa tisa na nusu mchana kwa saa zetu. Birmingham mwaka 2022 alipata fedha ya Jumuiya ya Madola. Septemba 2025 akawa bingwa wa dunia Tokyo, kwa tofauti ya sekunde 0.03 dhidi ya Amanal Petros wa Ujerumani, ila hapa ilikuwa usiku wa manane na mji umelala.

Marathoni ikianza Los Angeles saa moja asubuhi, Mpanda itakuwa saa kumi na moja jioni. Hapo weka televisheni nje, usitoze kiingilio, uza soda, chipsi na nyama choma. Mbio za saa mbili na ushei zinatosha meza moja kuagiza mara mbili.