Pumzi ya mchezaji ipimwe, lakini si kwa ajili ya mchujo

Kocha wa timu ya shule pale Rubya, wilayani Muleba, anaweza kupima pumzi ya wachezaji wake bila maabara. Anachohitaji ni mita 20 za ardhi tambarare, matofali manne na simu yenye spika. Katika kipimo walichokitangaza Luc Léger na wenzake wa Kanada miaka ya 1980, mchezaji anakwenda na kurudi kwa kufuata mlio, na kila hatua kasi inapanda. Anayechelewa mstari anatoka, hatua yake inaandikwa daftarini.

Hiyo ardhi tambarare ndiyo taabu. Ihangiro, iliko Rubya, ni nchi ya vilima na migomba, na masika yakikolea uwanja unakuwa tope. Mtoto anateleza kwenye kona, anapoteza sekunde, na matokeo yanashuka ilhali mapafu yake ni yale yale. Kulinganisha namba zake na za mchezaji aliyepimwa kwenye nyasi bandia za Kaitaba, Bukoba, ni kumwonea.

Wengi wamezoea kipimo cha Kenneth Cooper wa Marekani, cha mwaka 1968: dakika 12 za kukimbia mfululizo, kisha umbali unapimwa. Ni rahisi, lakini soka halichezwi hivyo. Mchezaji hutembea, huchomoka ghafla, hugeuka, hupumua kidogo, huchomoka tena. Kipimo cha Yo-Yo cha Jens Bangsbo wa Denmark kinaukaribia zaidi mchezo wenyewe, kwa kuwa kila baada ya mita 40 mchezaji anapumzika sekunde 10. Hata waamuzi wa FIFA hupimwa kwa mtindo huo: mita 75 mbio, 25 kutembea, mara 40.

Wapo makocha wanaosema jicho linatosha. Linatosha kumwona mwenye chenga. Kiungo anayechoka kimyakimya, akaanza kuchelewa nusu hatua kwenye kila mpira, jicho humwita mvivu, kumbe huenda ni mgonjwa. Muleba inaijua malaria vizuri. Ndiko vilikofanyiwa majaribio vyandarua vyenye PBO (kemikali inayoipa nguvu dawa ya kuua mbu), majaribio ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Malaria hupunguza damu, na damu ndiyo inayobeba oksijeni kwenda kwenye misuli. Kijana aliyefika hatua ya nane mwezi uliopita, leo akaishia ya tano, apelekwe kwanza Hospitali ya Rubya akapimwe damu, kabla ya kuondolewa kikosini.

Tahadhari hiyo ianze hata kabla ya mlio wa kwanza. Kanda ya Ziwa ina wagonjwa wengi wa selimundu, na mwenye ugonjwa huo hapaswi kukimbizwa mpaka aishiwe nguvu bila ruhusa ya daktari. Aliyetoka nyumbani bila kula naye asubiri siku nyingine.

Kwa maandalizi ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, vipimo viwili vinatosha: kimoja mwanzoni mwa mazoezi, kingine baada ya wiki sita, uwanja ule ule, saa ile ile, viatu vile vile. Kila mmoja alinganishwe na namba yake ya awali, na daftari libaki shuleni hata kocha akihamishwa.